Uso Uliobaki Ghalani

Mwaka mzima nilimtukana mke mwenzangu kwa unene ambao hakuwa nao.

Kumtukana Zuwena ilikuwa kazi yangu halali, msinielewe vibaya. Aliolewa miaka tisa nyuma yangu, akanikuta kwa Mzee Kapela na watoto watatu na jino moja pungufu, na siku ya kwanza tu akaniuliza kama lile jino nililimeza au lilikimbia lenyewe. Tangu hapo hatukusalimiana kwa heshima hata siku moja. Mzee alipofariki, ndugu zake walikuja na busara zao, wakasema kila mjane arudi kwao. Zuwena akawaambia, "Mimi siendi popote. Nikiondoka, huyu bibi atamtukana nani?" Tukabaki wawili hapa Sikonge, nyumba moja, jiko moja, yeye Bi Mdogo na mimi Bi Mkubwa, kama vile mume kaenda safari tu.

Macho yangu yalikuwa yamekufa kabla ya Mzee. Miaka sita nilitembea kwa kupapasa kuta. Kisha kituo cha macho kikafunguliwa mjini, wakanitia macho ya kioo, na nyuma ya sikio wakanibandika kisanduku cha ukubwa wa korosho. Mtu wa kwanza kumwona alikuwa Zuwena. Kasimama mlangoni, mashavu yamejaa, mikono minene, kitenge kimembana kiunoni mpaka kinaomba msamaha. Nikamwambia, "Kumbe nilipokuwa kipofu ulikuwa unakula na sahani yangu." Alicheka mpaka akakaa chini.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu kabla ya Idi ninayotaka kuwaeleza.

Kuelekea Idi hiyo Zuwena alikuwa amekuwa mvivu. Ndoo hainyanyui. Kinu hakigusi. Sauti imeanza kukwaruza, ukimuuliza anasema mafua. "Mwanamke umejaa kama gunia la karanga," namwambia, "ndoo ya lita kumi inakushinda?" Naye anajibu polepole, "Mzigo wangu mwenyewe unanitosha, Bi Mkubwa." Nacheka. Majirani walionisikia walikuwa wananyamaza. Nilidhani utani umewaishia.

Nikampelekea fundi cherehani kitambaa cha gauni lake la sikukuu. Fundi akaomba vipimo.

"Chukua vya mwaka jana," nikasema, "halafu ongeza vidole vinne. Yule haachi kula."

Fundi akaacha kuandika. "Vinne, mama?"

"Unataka apasue mshono mbele ya imamu?"

Akashona.

Asubuhi ya Idi Zuwena akalivaa. Niliona limemjaa sawasawa, kifua na nyonga, wala haikubaki nafasi ya kuficha hata leso. "Nilisema vidole vinne havitoshi," nikamwambia, nikaenda nyuma yake kumfungia zipu.

Mkono wangu ukashika kitambaa. Nikakivuta kidogo, kikaja. Kikaja tena. Kikaja ngumi nzima, kikaja ngumi mbili. Macho yananionyesha mgongo mpana uliojaa gauni. Vidole vinaniambia humu ndani hamna mtu. Nikapapasa juu, kama enzi za upofu wangu, nikafika begani. Mfupa ulikuwa umesimama kama ukingo wa ungo.

"Zuwena," nikasema, "wewe uko wapi?"

Hakunijibu kwa utani. Hapo ndipo nilipoogopa.

*

Fundi Shija wa kituo cha macho ni mwanamke wa makamo, mnene. Safari hii nilimshika mkono kwanza, nihakikishe.

Alichomeka waya kwenye kisanduku changu, akasoma tarakimu kwenye kioo chake, akachomoa. Zuwena tulikuwa tumemwacha nje kwenye benchi, kachoka na njia.

"Kifaa chako hakijaharibika, Bibi," akasema. "Ningefurahi kama kingekuwa kimeharibika."

"Basi kinanidanganya kikiwa na afya njema."

"Kinafanya nilichokiambia kifanye." Akavuta kiti karibu. "Humo ndani mna kichakataji. Ndicho kinachofikiri. Ni kidogo kuliko kucha ya kidole chako cha mwisho, na kikifanya kazi nyingi kinapata joto. Wagonjwa wetu wa kwanza waliungua nyuma ya sikio. Mmoja alikibandua kisanduku kwa mikono yake mwenyewe, akachagua giza."

"Kazi gani ya kukipa joto hivyo? Kutazama tu?"

"Picha thelathini kila sekunde, Bibi, na kila picha ina chembe za rangi kama mchanga. Zamani kichakataji kilikuwa kinazibeba chenyewe, chembe moja moja, kutoka kwenye lenzi."

"Kama mpishi anayekwenda kisimani na kikombe."

"Hivyo hivyo. Sasa mimi ndiye niliyeandika kiendeshi. Ni programu inayosimama kati ya lenzi na kichakataji, ni kama mchukuzi. Nikaanza kwa kuchimba mfereji: picha ziende zenyewe mpaka mtungini, mpishi aitwe mtungi ukijaa. Joto likashuka nusu. Halafu nikaikata picha vipande vya mraba, kama mkeka, nikamwambia mchukuzi kipande kisichobadilika asikibebe mara ya pili. Ukuta ukishauona, umeuona."

"Ukuta haujawahi kulalamika."

"Haujawahi," akasema, lakini hakutabasamu. "Shida ikabaki kwa watu. Mtu hatulii. Kila akipepesa macho ni mzigo mpya. Basi nikatengeneza ghala. Mtu unayemwona mara nyingi, kiendeshi kinamweka humo mzima mzima: uso, shingo, umbo. Akipita mbele yako, kinabeba mwendo wake tu, kinauvika lile umbo la ghalani. Nguo mpya kinaibeba, sauti si kazi yake. Macho yakawa hayachomi tena, na yakapewa umri wa miaka kumi. Siku ile tulipiga makofi hapa ofisini."

"Na mtu akibadilika?"

"Akibadilika ghafla kinajua. Akivunjika mkono utaona bandeji. Lakini..." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kinamlinganisha na alivyokuwa jana. Si na alivyokuwa siku alipoingia ghalani. Kulinganisha na jana ni kazi ndogo, ghala halifunguliwi. Nikaona inatosha. Mtu anayepungua kidogo kidogo, leo unywele, kesho unywele..."

"Kila siku ni yule yule wa jana."

"Kila siku ni yule yule wa jana, Bibi."

Mgeni akipita barabarani namwona kama alivyo. Muuza mkaa namwona. Ninayelala naye chumba kimoja, ninayekula naye sinia moja, huyo ndiye natolewa ghalani. Nikamuuliza Fundi Shija kama ndivyo, akasema ndivyo.

Akaenda dirishani na simu yake, akampiga Zuwena picha pale benchini, akaniletea. "Nani huyu?"

"Zuwena. Na mashavu yake yote mawili."

"Hata kwenye picha," akasema kwa sauti ndogo.

"Sema unachokiona wewe."

"Namwona mgonjwa, Bibi. Mgonjwa sana."

Aliniambia kinachowezekana. Anaweza kulizima ghala. Nyuso zote zilizomo zitafutika wala hazitarudi, nami nitaona kila mtu alivyo leo. Kumfuta Zuwena peke yake haisaidii, kiendeshi kitamweka upya na kuanza tena kumlinganisha na jana. Ghala likizimwa kisanduku kitachemka, nitakuwa nakipoza kwa kitambaa cha maji, na macho yatakufa baada ya miezi minne au mitano. Mengine hana. Foleni ya vipofu inafika mpaka Ipole.

"Fikiri kwanza," akasema.

"Nyie ndio mngefikiri kwanza," nikamjibu. Akainamisha kichwa, nami nikajuta, kwa sababu yule mama alinitoa gizani, na miaka mitatu ya kuona si kitu cha kumtemea mtu mate.

*

Zuwena alinieleza nyumbani, miguu kainyoosha mkekani. Uvimbe kwenye ini. Hospitali walimwambia kabla ya mvua za kwanza, wakamwambia pia ale anachopenda.

"Mwanzo nilidhani unanikejeli," akasema. "Nakonda, wewe unaniita gunia la karanga. Nikasema, mwanamke huyu hata ugonjwa hauheshimu! Nililia chooni, Bi Mkubwa. Siku mbili."

"Mbona hukunipiga na mwiko?"

"Nguvu ya mwiko ningeitoa wapi? Halafu fundi cherehani akaja kwa siri kuniuliza kama una akili zako timamu. Vidole vinne! Ndipo nikajua husemi kejeli. Unaniona hivyo kweli."

"Na ukakaa kimya."

"Nikakaa kimya." Nilimwona anacheka, vishimo viwili vimeingia mashavuni. Vishimo vya ghalani, sasa najua. "Kila anayeingia humu ananitazama mara moja, halafu anatazama chini. Wananisemesha kwa sauti ya msibani na mimi nipo, nawasikia. Wewe peke yako unaingia unaniambia nimeziba mlango. Dunia nzima, Bi Mkubwa, nimebaki mnene mahali pamoja tu. Usinitoe hapo."

"Fundi anaweza kulizima."

"Najua. Benchi lake liko chini ya dirisha, na mimi masikio sijakonda." Akanishika mkono, na ule mkono nilioushika haukuwa ule niliouona. "Niahidi hutalizima. Niache nife na mashavu yangu."

Nikaahidi. Mtu angefanya nini? Nikamwambia pia asogee, ananibania upepo, akacheka, na kwa wiki tatu tukaishi hivyo. Namlisha, namwogesha, namtukana.

*

Siku moja, jua la saa nne, jirani yetu Mama Kulwa alikuja kunisaidia kumgeuza, kwa maana Zuwena alikuwa hajigeuzi tena. Mimi nilikuwa na beseni, sabuni na dodoki langu. Tukamlaza ubavu. Mama Kulwa akapiga kelele, akajiziba mdomo.

"Nini?" nikauliza.

"Bi Kalunde, wewe huoni?"

Nikatazama. Naona kiuno, naona ngozi laini, nyeusi, imekaza. "Naona vizuri sana," nikasema. "Sema nini."

Lilikuwa donda la kulala. Chini ya kiuno, upana wa kisahani cha chai, na katikati yake nyama mbichi. Halikutokea ghafla. Lilianza kama wekundu, likawa lengelenge, likachubuka, kila siku kidogo, kwa adabu, likapita mbele ya kiendeshi bila kuulizwa kitu.

Na mimi kila asubuhi nilikuwa nikimsugua hapo kwa dodoki.

Kila asubuhi Zuwena alikuwa ameuma kanga, mimi nikadhani anasikia baridi ya maji. Angelalamika ningejua, na ningejua ningekwenda kwa Fundi Shija. Akaona bora asuguliwe.

Mama Kulwa alinifuata uani, machozi yanamtoka. "Tulidhani una roho ya chuma," akasema. "Mtaa mzima. Tunakusikia unavyomwita mnene, tunasema, uke wenza huu hata kifo hauogopi."

Nikamwomba akae na mgonjwa. Nikafunga kanga, nikaenda mjini kwa miguu yangu, na ahadi yangu nikaenda nayo hadi pale mlangoni. Mlangoni nikaiacha.

*

Kabla Fundi Shija hajachomeka waya nilimwomba ile picha ya benchini.

Nikamtazama Zuwena. Mashavu. Shingo yenye mikunjo mitatu aliyokuwa akiipaka poda zamani, tukienda harusini, na mimi namwambia unga huo ungetosha chapati kumi. Nilitazama kila kitu, kipande kwa kipande, kama yule mchukuzi, ila mimi nilikuwa nabeba vyote. Sikutaka kubeba pungufu.

"Tayari?" Fundi akauliza.

"Hapana. Zima."

Kwanza lilikuja joto nyuma ya sikio, kama mtu kanigusa na kijiko cha chai. Kisha ile picha, ile ile mkononi mwangu, ikabadilika. Pale benchini alikuwa amekaa bibi mmoja nisiyemjua. Ngozi ya manjano, mdomo umerudi nyuma ya meno, kamba mbili za shingo zimeshika kichwa kisianguke. Gauni la Idi limemlalia kama nguo iliyotundikwa msumarini. Na yule bibi alikuwa anatazama dirishani, anatazama upande wangu, kwa macho ya Zuwena.

Fundi Shija aliniletea maji. Nikamuuliza kuna wangapi wengine wenye macho yangu. Akasema mia mbili na kumi na moja, kesho anaanza kuwapigia simu mmoja mmoja, awaulize wanaishi na nani.

*

Donda nililisafisha kwa maji ya chumvi na kulipaka asali, kama mama zetu walivyofanya. Sasa niliona pa kugusa na pa kuacha. Niliona midomo imekauka kabla hajaomba maji. Niliona kidole kikikunjwa maumivu yanapokuja, nikampa dawa kabla ya kilio. Kwa kazi ya mikono ilikuwa nafuu kubwa.

Kwa kazi ya mdomo ndipo palipokuwa na kazi. Naingia, namwona yule bibi wa mifupa, na natakiwa niseme, "Sogea, umejaza kitanda." Nasema. Kitambaa cha maji nyuma ya sikio, nikamwambia ni joto la mwezi huu. "Nimekuletea uji nusu, ukinywa bakuli zima tutaita seremala apanue mlango." Na yeye anatabasamu, na tabasamu lenyewe ni kazi, naona ngozi inavyovutwa kutoka masikioni ili itoshe.

Siku ya tisa nikaingia na uji.

"Leo umezidi," nikasema. "Godoro linalia."

Hakutabasamu. Alinitazama mpaka nikaweka bakuli chini.

"Bi Mkubwa," akasema, "zamani ulikuwa unaanza kunitukana ukiwa bado uani. Siku hizi unaingia, unatazama, unameza mate, ndipo unatukana. Matusi yako yamekuwa na adabu."

"Joto," nikasema.

"Tangu lini?"

Kudanganya naweza, nimedanganya watu wenye akili zao. Lakini nilichoka. "Tangu Jumanne ya wiki iliyopita."

"Uliniahidi."

"Niliahidi. Nilikuwa nakusugua donda kwa dodoki, Zuwena."

Akageuza uso ukutani. Alilia, na machozi hayakutoka, mwili haukuwa na maji ya kugawa. Zamani nisingeliona hilo.

"Ilikuwa inauma," akauambia ukuta. "Wallahi ilikuwa inauma."

"Najua."

"Kwa hiyo sasa hakuna tena."

Nilijua anaulizia mahali pale, pale pamoja tu duniani. "Hakuna," nikasema.

Uji ukashika utando juu. Nje Mama Kulwa alikuwa anatwanga, mchi wake unapiga mara mbili, unapumzika, mara mbili, unapumzika. Mwishowe Zuwena akageuka, taratibu, kwa kiwiko, akanitazama usoni.

"Haya," akasema. "Unaona nini? Usinifanyie ya msibani, nakuomba. Wenzako wote wamenifanyia. Nitukane."

Miaka thelathini na nne ya ndoa ya watu watatu, na wakati ule ndio kwanza nikakosa tusi. Nikamtazama basi. Nilitazama kweli, bila kumeza mate, kuanzia juu.

"Masikio," nikasema.

"Yamefanya nini?"

"Sikujua una masikio makubwa hivi. Ulikuwa umeyaficha nyuma ya mashavu miaka yote. Mzee Kapela angeyaona mapema angekurudisha kwenu siku hiyo hiyo."

Pumzi ikamtoka puani. Halafu nyingine. Midomo ikapasuka kidogo, nikaona tone la damu, nikalifuta kwa ncha ya kanga.

"Endelea," akasema.

"Shingo. Kuna kuku wa Mama Kulwa anayelalia mayai wiki ya tatu sasa. Ana shingo nene kuliko hiyo."

"Endelea."

"Na hiyo mifupa ya hapa, juu ya kifua. Mvua ikinyesha utatekea maji."

Alikuwa anacheka, bila sauti, kitanda kinatikisika kidogo sana. Nyuma ya sikio kitambaa kilikuwa kimekauka na kisanduku kimeanza kuniunguza, lakini ndoo ilikuwa uani, na kwenda uani ni kugeuza macho. Sikwenda. Nikamtukana mabega. Nikamtukana meno, moja moja, yalivyojitokeza kama wageni waliosikia pilau. Akafumba macho, uso umetulia, kidole hakijikunji.

"Na mikono?" akauliza, sauti ndogo.

"Ngoja," nikamwambia. "Sijaifikia."